Barua kwa Mama Glory: risasi, zebaki na ubongo wa kichanga

Moshi, Jumapili

Mpendwa Mama Glory,

Salaam kutoka Moshi. Sisi hatujambo, ila mvua zimeanza na njia ya kwetu imeshageuka tope. Natumaini Baba Glory na watoto ni wazima.

Umeniomba nikuandikie kwa urefu juu ya wajawazito wanaokuja kliniki kwako hapo Sakina na ule ujumbe wa simu kwamba metali nzito zinaharibu ubongo wa mtoto tumboni. Ujumbe una ukweli ndani yake, ila umepangwa ovyo. Unawatisha watu na samaki na maji ya bomba, halafu haugusi pemba (ule udongo wa kula), mkorogo wa kujichubua wala ovaroli la fundi betri. Mimi ningeugeuza. Siku ya kwanza ya kliniki tuulize yale ambayo mama anaweza kuyaacha leo leo bila gharama, maana ubongo ukishajengwa vibaya hakuna dawa ya kuujenga upya.

Nianze na metali ya risasi, ndiyo yenye ushahidi mwingi. Mwili huidhania kuwa kalsiamu, na taabu yote inaanzia hapo. Kondo la nyuma haliizuii. Inaanza kuvuka kwenda kwa mtoto kwenye wiki ya 12 hadi 14, na siku ya kujifungua kiwango kilicho kwenye damu ya kitovu huwa kama asilimia 80 hadi 90 ya kile cha mama. Mtu mzima ana ukuta kati ya damu na ubongo unaozuia vitu vingi. Wa mtoto aliye tumboni haujakomaa. Risasi ikishaingia hukaa mahali pa kalsiamu kwenye ncha za neva na kuvuruga utoaji wa ujumbe, tena huziba mlango uitwao NMDA, ambao bila kufunguka maungio ya neva hayaimariki. Ubongo mchanga hujenga maungio mengi kuliko unayohitaji, kisha huyapunguza kwa kufuata yapi yanatumika. Ujumbe ukivurugika, yanabaki yasiyofaa na yanaondoka yaliyofaa.

Kwa hiyo usitegemee kuona chochote kwenye ultrasound, wala mtoto mwenyewe hatazaliwa na alama usoni. Wengi huzaliwa wakilia vizuri na kunyonya vizuri. Pengine uzito uko chini kidogo, pengine wamewahi wiki mbili tatu. Madhara huonekana darasani: mtoto hatulii, anachelewa kusoma, anasahau alichotumwa.

Wapo watakaokwambia kiasi kidogo hakina neno. Uchambuzi wa pamoja uliochapishwa mwaka 2005, wa watoto 1,333 kutoka nchi kadhaa, ulionyesha kinyume. Risasi kwenye damu ya mtoto ilipopanda kutoka mikrogramu 2.4 hadi 10 kwa desilita, alama za akili zilishuka kwa 3.9. Kutoka 10 hadi 20 zilishuka 1.9, na kutoka 20 hadi 30 zilishuka 1.1 tu. Maana yake hasara kubwa iko mwanzoni, pale ambapo mtu anasema "ni kidogo tu". Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halitaji kiwango chochote cha risasi kuwa ni salama.

Sasa mifupa, jambo ambalo ujumbe wa simu haulifahamu kabisa. Zaidi ya asilimia 90 ya risasi iliyomo mwilini mwa mtu mzima iko kwenye mifupa, na hukaa humo kwa miongo. Mfupa ni kibubu: mimba inapohitaji kalsiamu, hasa miezi mitatu ya mwisho na wakati wa kunyonyesha, kibubu kinavunjwa na risasi ya zamani inatoka pamoja na kalsiamu. Petroli yenye risasi ilikoma kuuzwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Mama wa miaka 30 na zaidi aliyekulia kando ya barabara kuu aliivuta utotoni mwake. Hilo hawezi kulibadilisha, ila anaweza kuupunguzia mfupa sababu ya kuvunjwa.

Hapo ndipo kalsiamu inapofaa. Jaribio lililofanywa Mexico City liliwapa wajawazito miligramu 1,200 za kalsiamu kila siku, na risasi kwenye damu yao ilishuka kwa wastani wa asilimia 11. Si muujiza, lakini Shirika la Afya Duniani tayari linapendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku kwa wajawazito ambao chakula chao kina kalsiamu kidogo, ili kuzuia kifafa cha mimba. Kidonge ni kilekile, faida mbili. Asiyekipata, glasi moja ya mtindi ya mililita 250 ina karibu miligramu 300, na dagaa wanaoliwa na miiba yao wanaongeza. Kosa la kawaida ni kumeza kalsiamu pamoja na FEFO, yaani vidonge vya chuma na foliki. Kalsiamu huzuia chuma kufyonzwa. Apishanishe kwa saa kadhaa, mfano kalsiamu na chakula cha mchana, FEFO kabla ya kulala.

Na hiyo FEFO usiichukulie kama ya damu tu. Utumbo una mlango mmoja unaopitisha chuma, na mlango huohuo hupitisha risasi na kadimiamu. Mama akiwa na upungufu wa damu, mwili hufungua milango mingi zaidi kutafuta chuma, na metali mbaya zinaingia kwa wingi. Akimeza kwa maji au juisi ya chungwa, vizuri. Akimeza kwa chai ya rangi, ameitupa nusu.

Sasa tufike kwenye pemba, ambayo mimi naiweka namba moja kwa wateja wako. Ukizunguka soko la Kilombero huko kwenu au la Mbuyuni hapa kwetu hukosi vipande vyake, na mama anavila kwa sababu anasikia kichefuchefu au kiungulia, au damu yake imepungua. Utafiti wa mwaka 2014 kutoka Geita ulikuta karibu nusu ya wajawazito waliohojiwa wanakula udongo, na udongo wenyewe ulikutwa na metali hatari, arseniki ikiwemo. Lakini hata udongo wa mahali pasipo na mgodi una tatizo, tena la hesabu ya kawaida tu. Chukua udongo wenye miligramu 10 za risasi kwa kilo, kiasi ambacho udongo mwingi wa kawaida unakizidi. Mama akila gramu 30 kwa siku, amemeza mikrogramu 300. Mamlaka ya chakula ya Marekani imeweka mikrogramu 8.8 kwa siku kuwa ndiyo alama ya kuangalia kwa wanawake walio kwenye umri wa kuzaa. Kweli, si yote inayoachana na udongo na kuingia kwenye damu. Lakini hata sehemu ya kumi tu ikiingia, bado ni mikrogramu 30 kwa siku, siku baada ya siku, kwa miezi sita au saba. Juu ya hayo, udongo unanasa chuma cha FEFO tumboni, damu inazidi kupungua, hamu ya udongo inazidi. Ni mduara.

Usimkaripie, atakuficha. Uliza kama unavyouliza kuhusu chumvi: "Mama, unakula pemba, udongo wa ukutani, au mkaa? Vipande vingapi kwa siku?" Andika jibu kwenye kadi. Pima wingi wa damu siku hiyohiyo, anza FEFO, na kiungulia kipewe dawa yake. Wengi hamu inashuka damu ikipanda. Asiyeweza kuacha ghafla, apunguze kwa nusu kila wiki. Na asidanganywe kwamba pemba iliyochomwa au kukaangwa ni salama. Moto unaua mayai ya minyoo, metali haiendi popote.

Zebaki nayo ina sura tatu, na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ya krimu na sabuni za kujichubua. Chumvi za zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana zinafanya kazi haraka. Kikomo ambacho nchi nyingi zimekuwa zikitumia kwenye vipodozi ni miligramu 1 kwa kilo, na krimu mbaya zimekutwa na maelfu. Mwambie mama aangalie chupa: haina orodha ya viambato, au imeandikwa kalomeli, au alama Hg (vyote ni zebaki), au onyo kwamba isigusane na vito vya dhahabu na fedha. Hiyo ya mwisho inawashangaza watu, lakini ndiyo inayofichua zaidi, kwa sababu zebaki huiharibu dhahabu. Mkorogo uliochanganywa saluni na kuwekwa kwenye kopo tupu hauna cha kusoma, basi uhesabu kuwa ni mbaya. Zebaki hii hupiga figo kwanza. Mjamzito akija na protini kwenye mkojo na uvimbe, mtibu kama kifafa cha mimba kinavyotaka, usichelewe, lakini swali la krimu liulizwe pia. Mikono ikitetemeka na usingizi umekata, liulize mara mbili. Pia krimu inabaki kwenye taulo na mashuka, na kichanga anayelala kifuani kwa mama anaipata kwa ngozi na kwa pumzi. Akiacha, afue vyote. Kopo lisichomwe moto wala kumwagwa chooni. Lifungwe vizuri kwenye mfuko mzito.

Ya pili ni mvuke wa zebaki yenyewe, ile ya kuchenjulia dhahabu. Wachimbaji wako mbali na sisi, lakini wapo wanaume wa Arusha na Kilimanjaro wanaokwenda Geita au Chunya na kurudi, na mke akienda kumtembelea ndiye anayechoma donge la dhahabu na zebaki jikoni. Mvuke huo unavuka kondo la nyuma kirahisi. Na kwenu kliniki, kipimajoto cha kioo kikivunjika, nesi mjamzito atoke chumbani, madirisha yafunguliwe, vitone vikusanywe kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, vitiwe kwenye chupa yenye maji na kufungwa. Usifagie, ufagio unavitawanya vikawa vidogo zaidi na mvuke unaongezeka.

Ya tatu ni methili-zebaki, ya samaki. Hii ndiyo mbaya kuliko zote kwa ubongo, lakini ndiyo inayowatisha watu pasipostahili. Hujifanya kiambato cha protini na hubebwa kuvushwa kwenye kondo. Damu ya kitovu huwa na kiasi kama mara 1.7 ya damu ya mama. Kwenye ubongo unaojengwa huvunja nyuzi ambazo seli za neva hutumia kusafiri kutoka zilikozaliwa hadi mahali pake, hivyo seli zinakwama njiani. Kwa mtu mzima madhara hukaa sehemu chache za ubongo. Kwa mtoto yanaenea ubongo mzima. Huko Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956 kutokana na kiwanda kumwaga zebaki baharini, walizaliwa watoto wenye mtindio mkali wa ubongo kwa mama ambao wenyewe walikuwa na dalili chache au hawana. Wajapani wana desturi ya kukausha na kutunza kitovu cha mtoto, na vitovu hivyo vilipopimwa miaka baadaye vilionyesha zebaki iliyopita. Iraki nako, 1971 na 1972, watu walioka mkate kwa ngano ya mbegu iliyopakwa dawa ya methili-zebaki, na watoto waliokuwa tumboni waliathirika. Mbegu za siku hizi hazipakwi dawa hiyo, lakini bado mahindi ya mbegu yenye rangi si ya kusaga, hata mwaka wa njaa.

Lakini sato, perege na dagaa si Minamata. Zebaki hujikusanya kwa samaki wakubwa wanaokula samaki wengine na kuishi miaka mingi: papa, nduaro, jodari mkubwa. Utafiti wa Ushelisheli uliofuatilia watoto wa mama wanaokula samaki wa baharini karibu kila siku haukukuta madhara ya wazi, wakati ule wa visiwa vya Faroe, ambako wanakula nyama ya nyangumi, uliyakuta. Mafuta ya samaki yanajenga ubongo uleule tunaoulinda. Mjamzito wa Arusha akiacha samaki kwa kuogopa, amepoteza zaidi ya alichookoa. Ale dagaa na sato mara mbili au tatu kwa wiki, papa amwache.

Vilivyobaki navipitia haraka. Mume akiwa fundi betri, fundi rejeta anayelehemu kwa risasi, au fundi rangi anayepiga msasa mageti ya zamani, vumbi linakuja nyumbani kwenye nguo. Avue kazini, nguo zake zifuliwe peke yake, aoge kabla ya kumshika mtoto. Betri isifunguliwe uani kwa hali yoyote; wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa waliumizwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa jirani yao. Chumba cha mtoto kikipakwa rangi upya, mjamzito asikwangue wala kupiga msasa mkavu; ukuta uloweshwe, na rangi iwe isiyo na risasi, yaani chini ya sehemu 90 kwa milioni. Wanja wa manga unaopakwa kwenye nyusi na macho ya kichanga unaweza kuwa risasi karibu tupu, na mtoto hujifuta kisha ananyonya vidole. Huu nimeupigania sana na bibi wengi, na kinachosaidia ni kukubaliana nao juu ya kitu kingine, mfano uzi mkononi, kuliko kuwaambia waache tu. Manjano ya unga yenye rangi kali kupita kiasi, kule Bangladesh yalikutwa yametiwa rangi ya risasi. Mama anunue mizizi asage mwenyewe. Sufuria zilizoyeyushwa kutoka vyuma chakavu zisitumike kuchemshia nyanya, ukwaju au ndimu kwa muda mrefu, kwa kuwa uchachu huikamua risasi. Moshi wa sigara una kadimiamu, ambayo kondo huinasa yenyewe na kisha kushindwa kumpitishia mtoto zinki ya kutosha.

Kuhusu maji ya kwenu: floraidi inayofanya meno yawe ya kahawia si metali nzito, ina taabu zake tofauti. Ila jambo moja ni sawa kwa vyote. Kuchemsha hakuondoi. Maji yakipungua kwenye sufuria, kilichomo kinabaki na kukolea.

Umeuliza pia vipimo. Kila metali na sampuli yake, na hapa ndipo fedha za watu zinapotea. Risasi hupimwa kwa damu nzima ya mshipa, kwa sababu karibu yote imo ndani ya chembe nyekundu. Maabara ikitenganisha na kutuma maji ya damu, kipimo kimetupwa. Osha mkono wa mama kwa sabuni na maji kabla ya spiriti, tumia chupa yenye EDTA (dawa ya kuzuia damu kuganda) iliyothibitishwa haina metali, hifadhi kwenye baridi bila kugandisha. Tone la kidole linadanganya, kwa vumbi la ngozi. Zebaki ya krimu hupimwa kwa mkojo wa mama. Ile ya samaki hupimwa kwa damu au nywele zake, si kwa mkojo; kata kishungi kisogoni karibu kabisa na ngozi na funga uzi upande wa kichwani. Sentimita moja ni kama mwezi mmoja. Ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali iko hapo Arusha. Piga simu kwanza uulize wanapokea sampuli gani na chupa gani, kabla mama hajalipa nauli.

Majibu yakirudi na risasi ni mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi, tafuta chanzo, kiondolewe, mpe chuma kama ana upungufu na kalsiamu kama chakula hakitoshi, na pima tena baada ya mwezi. Risasi ya kwenye damu hupungua nusu kwa takriban mwezi mmoja chanzo kikikoma, kwa hiyo kama haijashuka, huenda chanzo bado kipo nyumbani, au risasi ya zamani inatoka mfupani. Kuanzia 45 mpeleke KCMC hapa Moshi au hospitali nyingine ya rufaa yenye daktari anayeweza kuamua juu ya dawa za kunasa metali. Hizo hutolewa kuanzia miezi mitatu ya pili, mapema zaidi ni pale tu ubongo wa mama mwenyewe umeshaathirika. Na zisitegemewe kurudisha akili. Jaribio kubwa la Marekani lililotoka 2001 liliwapa watoto 780 ama DMSA, mojawapo ya dawa hizo, ama kidonge kitupu. Risasi ilishuka, alama za akili hazikupanda. Basi zile chai za "kusafisha sumu", mkaa wa unga na giligilani zinazouzwa mtandaoni, waambie wanunue dagaa.

Kunyonyesha asiachishwe mtu ovyo. Risasi kwenye maziwa huwa chini ya asilimia 3 ya ile ya damu. Risasi ya damu ya mama ikiwa chini ya mikrogramu 40 kwa desilita, anyonyeshe kama kawaida. Ikifika 40, akamue na kumwaga hadi ishuke, huku mtoto akipimwa.

Kichanga wa mama mwenye historia, pima mzingo wa kichwa siku ya kuzaliwa (aliyetimiza miezi huwa kati ya sentimita 33 na 37) na kila anapokuja chanjo, uandike. Mtoto asipofuata uso kwa macho akiwa na miezi mitatu, au asipokaa akifika tisa, usingoje.

Maswali ya siku ya kwanza nimeyapunguza yakabaki matano: pemba, krimu, kazi ya mume, wanja, samaki wakubwa. Dada wa mapokezi anaweza kuyauliza kwa dakika tatu mama akiwa kwenye mzani. Ukiyajaribu wiki hii, niandikie ni lipi wanalolikwepa, tulibadilishe namna ya kuliuliza.

Msalimie Baba Glory, na mwambie ndizi za mtori nitampa dereva wa Ijumaa.

Wako,
Mama Elia